Dhahabu inayowaka ndani ya protini, na namna inavyoweza kutuonyesha zebaki



Kwetu dhahabu tunaijua kwa njia mbili. Kuna dhahabu ya pete na mkufu, ile ya harusi. Na kuna dhahabu ya karé, ile inayowatoa vijana nyumbani, wanaenda kuchimba upande wa Walikale, Lubero ao Kamituga, kila mmoja akitumaini kurudi na kitu mfukoni. Leo nataka niwaelezee dhahabu ya tatu. Hii haipimwi kwenye mizani ya mnunuzi, na hata ukiwa na macho makali namna gani huwezi kuona chembe yake moja. Lakini ukiimulika na taa ndogo kama ile ya kambisti, inatoa mwanga mwekundu. Na ikikutana na zebaki ndani ya maji, mwanga ule unafifia.

Zebaki ndiyo ile ambayo wengi tunaiita kwa Kifaransa, merkire. Mnajua inatumika wapi. Ndiyo sababu mimi niliyesoma kemia naona habari hii inatuhusu, si mambo ya Ulaya na Asia tu.

Jina kamili la kitu hiki ni refu: nanoklasta za metali zinazotunzwa na protini, zenye fluoresensi. Tusiogope jina. Tutalivunja vipande vitatu, halafu tutarudi kwa zebaki.

Fluoresensi: tuanze na taa ya kambisti

Kila mtu aliyewahi kubadilisha dola ameona kambisti akiweka noti chini ya taa ya rangi ya zambarau. Noti ya kweli ina uzi ndani yake unaowaka: ya dola 5 bluu, ya 10 rangi ya machungwa, ya 20 kijani, ya 50 njano, ya 100 pinki. Ukizima taa, rangi inapotea palepale.

Taa ile inatoa mwanga wa urujuanimno, ambao jicho la mtu haliuoni. Zambarau tunayoiona ni sehemu ndogo tu inayovuka mpaka wa macho yetu. Kitu kilicho ndani ya uzi kinameza mwanga huo, kinapoteza sehemu ya nguvu yake kwa njia ya joto, kisha kinatoa nje nguvu iliyobaki kama mwanga mwingine, wenye nguvu kidogo zaidi, ambao sasa jicho linauona. Hiyo ndiyo fluoresensi. Ni tofauti na kioo. Kioo kinarudisha mwanga uleule uliokipiga. Kitu chenye fluoresensi kinameza rangi moja na kutoa rangi nyingine.

Mwaka 1852 mwanasayansi George Stokes wa Uingereza ndiye aliyelipa jambo hili jina lake, na moja ya vitu alivyovitumia kulichunguza ni kwinini. Ndiyo, kwinini ya malaria, inayotoka katika maganda ya kinkina, mti uleule unaolimwa huku Kivu. Kwinini ikiyeyushwa katika maji yenye asidi kidogo na kumulikwa na urujuanimno, inawaka bluu. Kwa hiyo fluoresensi si mgeni kwetu. Hata mashine ya GeneXpert, inayotumika kutafuta kifua kikuu na iliyotumika sana wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, inasoma jibu lake kwa fluoresensi: mwanga ukiongezeka ndani ya kile kikasha, mashine inajua kwamba imepata inachokitafuta.

Basi kumbuka jambo moja: mwanga unaweza kuwa jibu. Ukiwaka ni jibu, ukizimika pia ni jibu.

Nanoklasta: dhahabu ikikatwa mpaka mwisho

Chukua gramu moja ya dhahabu. Ndani yake kuna atomi karibu 3 zikifuatwa na sifuri 21. Ikate mara mbili, kila nusu ni dhahabu ya njano. Endelea kukata. Kwa muda mrefu hakuna kitakachobadilika, itabaki ya njano, itapitisha umeme, itang'aa.

Lakini ukifika kwenye vipande vya nanomita 10 ao 20, mambo yanageuka. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni moja. Dhahabu ya ukubwa huo ikiwa ndani ya maji si ya njano tena, ni nyekundu kama divai. Michael Faraday alilieleza jambo hili mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1857, na chupa zake bado zimetunzwa. Rangi ile si fluoresensi bado; ni elektroni za dhahabu zinazoyumba pamoja mwanga unapozipiga.

Endelea tena kukata mpaka chini ya nanomita 2. Hapo kipande kinabaki na atomi chache, kuanzia atomi kadhaa mpaka mia moja na kitu. Hiyo ndiyo tunaiita nanoklasta. Kwa ukubwa huu dhahabu inaacha tabia ya metali. Kwa nini?

Fikiria mtu anayeshuka kilima. Kama kilima ni mteremko laini, anaweza kusimama popote, anashuka kidogokidogo. Ndivyo zilivyo elektroni katika dhahabu kubwa: atomi ni nyingi sana, ngazi za nguvu zimebanana mpaka zimekuwa mteremko. Nguvu ya mwanga inayomezwa inapotea njiani kama joto. Lakini ukibaki na atomi 25 tu, mteremko unavunjika, unakuwa ngazi yenye vidato vilivyoachana. Elektroni iliyopandishwa na mwanga haiwezi kuteleza. Lazima iruke kutoka kidato kimoja mpaka kingine. Katika kuruka huko inaweza kutoa nguvu yake kama mwanga.

Na urefu wa kidato unategemea idadi ya atomi. Mwaka 2004 Jie Zheng, Robert Dickson na mwenzao, wakifanya kazi Marekani, walionyesha jambo hili vizuri sana. Nanoklasta zao za atomi 5 zilitoa mwanga wa urujuanimno, za atomi 8 bluu, za 13 kijani, za 23 nyekundu, na za 31 mwanga ulio karibu kupita wekundu ambao jicho linaupoteza. Metali ni ileile; idadi ya atomi ndiyo inayobadilisha rangi. Kwa mtu aliyefundishwa shuleni kwamba dhahabu ina rangi moja, hii si habari ndogo.

Protini: nyumba ya kuzitunza

Shida ni kwamba nanoklasta zikiachwa uchi ndani ya maji hazikai. Zinatafutana, zinashikana, zinakuwa kubwa, na mwanga unakwisha. Zinahitaji kitu cha kuzizunguka na kuzitenganisha.

Hapo ndipo protini inaingia. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi-amino, uliojikunja kama uzi wa kushona ulioviringwa mkononi. Ile inayotumika zaidi ni albumini ya damu ya ng'ombe: asidi-amino 583 katika mnyororo mmoja. Kati ya hizo, 35 ni sisteini, zenye salfa. Na salfa na dhahabu zinapendana sana, zikikutana zinashikana imara. Kwa hiyo mnyororo unaikumbatia dhahabu kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja.

Tena protini haifanyi kazi ya nyumba tu. Inafanya na kazi ya fundi. Dhahabu inayoanza kazi iko katika hali ya ioni, yaani imenyang'anywa elektroni, imeyeyuka katika maji kama chumvi. Ili iwe metali lazima irudishiwe elektroni. Ndani ya albumini kuna asidi-amino nyingine, tirosini, ambayo maji yakiwa na alkali nyingi inaweza kutoa elektroni hizo. Protini moja, kazi mbili: inaijenga nanoklasta na inaitunza.

Kwa ajili hiyo utaratibu wake ni mwepesi kushangaza. Jianping Xie, Yuangang Zheng na Jackie Ying, waliokuwa wakifanya kazi Singapore, waliuchapisha mwaka 2009, na mpaka leo ndio unaofuatwa na kubadilishwa duniani kote. Mililita 5 za maji yenye chumvi ya dhahabu zinachanganywa na mililita 5 za maji yenye albumini, kwenye joto la digrii 37, yaani joto la mwili wa mtu. Baada ya dakika 2 inaongezwa nusu mililita ya soda kali. Halafu mchanganyiko unaachwa katika joto lilelile kwa saa 12. Maji yaliyokuwa ya njano yanakuwa ya kahawia. Ukiyaweka mchana mezani hayaonyeshi ajabu yoyote, utafikiri ni chai iliyomwagwa maji mengi. Ukiyapeleka gizani na kuwasha taa ya urujuanimno ya nanomita 365, yanawaka mekundu, kwenye nanomita 640 hivi. Kila nanoklasta ina atomi 25 za dhahabu. Kati ya chembe 100 za mwanga zinazomezwa, karibu 6 zinarudi kama mwanga mwekundu. Inaonekana kidogo, lakini inatosha kwa jicho na inazidi kwa mashine.

Angalia hesabu. Dhahabu yote iliyoingia katika kazi ile ni miligramu 10 hivi, sehemu moja ya mia ya gramu. Albumini ni robo ya gramu. Na si lazima iwe ya ng'ombe: watafiti wengine wametumia ute wa yai la kuku, protini za maziwa, hata insulini. Ute wa yai moja una protini gramu 3 na zaidi. Mayai Kiwanja hayakosekani.

Neno la tahadhari kabla mtu hajafurahi sana. Chumvi ya dhahabu si dhahabu ya karé iliyosagwa. Kuitengeneza kutoka dhahabu ya kawaida kunahitaji mchanganyiko wa asidi mbili kali sana, unaotoa moshi wenye sumu. Kazi hiyo si ya jikoni, ni ya labo yenye mahali pa kuvuta moshi na mtu anayejua anachofanya. Soda kali nayo inachoma macho.

Sasa tuje kwa zebaki

Kwenye machimbo madogo zebaki inapendwa kwa sababu inaikamata dhahabu. Mchanga uliosagwa na kuoshwa unachanganywa nayo. Dhahabu inaingia ndani yake, mchanga unabaki. Donge linalopatikana linakamuliwa kwa kitambaa, kisha linachomwa. Zebaki inachemka kwenye digrii 357, moto wa makaa unafika hapo bila shida. Zebaki inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke ule hauna harufu wala rangi ya kukuonya. Anayechoma anauvuta, mtoto aliye karibu anauvuta, na mnunuzi wa dhahabu mjini anayeichoma mara ya pili dukani ili kuisafisha anauvuta yeye pamoja na majirani wa duka.

Mvuke unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, mtu anasahau. Sehemu inayoanguka kwenye udongo na mito inakutana na vijidudu vya matopeni, navyo vinaigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo ni mbaya zaidi. Hiyo inaingia kwa viumbe vidogo vya majini, kisha samaki wadogo, kisha samaki wakubwa, kila hatua ikiongezeka. Mwishoni iko mezani. Mama mjamzito anaweza asionyeshe dalili kubwa, lakini mtoto tumboni akaumia ubongo.

Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kemikali kilimwaga zebaki baharini na wavuvi na familia zao wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki umepewa jina la mji huo: ulipitishwa Oktoba 2013, ukaanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017. Kati ya mambo unayotaka yakomeshwe ni kuchoma donge la zebaki wazi bila chombo cha kukamata mvuke, na kuichoma kwenye makazi ya watu. Na kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, machimbo madogo ya dhahabu ndiyo yanayoingiza zebaki nyingi zaidi hewani, zaidi ya thuluthi moja ya yote inayotoka kwa kazi za watu. Geita, Migori, Mongbwalu, Kamituga: ni majina ya kwetu Afrika Mashariki na Kongo ya Mashariki, na yote ni majina ya dhahabu.

Ugumu ni kwamba zebaki iliyoyeyuka katika maji haina rangi wala ladha. Mashine za kuipima ziko, lakini ni za bei kubwa, zinataka gesi, umeme usiokatika na fundi. Sampuli inabidi isafiri. Anayekunywa maji hangoji.

Sasa, mwaka 2010, watafiti walewale wa Singapore walionyesha kwamba nanoklasta zao nyekundu zinazimika zikikutana na ioni za zebaki. Sababu yake ni nzuri kwa mwanafunzi wa kemia, chukua jedwali la elementi uhesabu. Dhahabu ni namba 79. Ikipoteza elektroni moja inabaki na 78. Zebaki ni namba 80. Ikipoteza mbili inabaki na 78. Nyuma ya idadi hiyo kuna mpangilio mmoja: tabaka lao la nje ni lilelile, limejaa elektroni 10. Juu ya ngozi ya nanoklasta kuna atomi za dhahabu za namna hiyo, na ioni ya zebaki inapofika inashikana nazo kwa nguvu. Ikishashika, nguvu iliyokuwa itoke kama mwanga inapata njia nyingine ya kupotea. Wekundu unafifia.

Kipimo chao kwa mashine kiliweza kutambua zebaki ya nanomoli 0.5 kwa lita moja ya maji, yaani mikrogramu 0.1 hivi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha zebaki isiyo ya kikaboni katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 6 kwa lita. Kwa hiyo kipimo kinaona mpaka mara 60 chini ya kikomo. Kwa jicho peke yake hutafika huko. Jicho linaona pale mwanga umeshuka sana. Lakini kati ya jicho na mashine kubwa kuna njia ya katikati: sanduku jeusi, taa ya urujuanimno, na kamera ya simu inayopima wekundu wa picha.

Chupa ikizimika, inasema nini?

Hapa naomba tusome polepole, juu hapa ndipo msomi anatofautiana na mtu wa kupiga kelele.

Kwanza, mwanga peke yake si namba. Inabidi utengeneze ngazi ya kulinganisha. Tuseme, kwa namba za kufundishia tu, chupa isiyo na zebaki inatoa mwanga wa 100. Uliyoiwekea mikrogramu 2 kwa lita inatoa 90. Ya mikrogramu 4 inatoa 80. Sampuli yako ikitoa 85, unasoma 3. Bila ngazi hiyo, kusema "imezimika kidogo" ni maneno tu.

Pili, maji ya mto si maji ya labo. Yana udongo, majani yaliyooza, shaba, chuma. Shaba nayo inazima nanoklasta hizi, ndiyo maana kuna watafiti waliozitumia kupima shaba. Udongo unakula mwanga. Vitu vilivyooza vinaishika zebaki na kuificha. Dawa yake iko: kuchuja, kuweka kemikali kama EDTA inayoikamata shaba, na kufanya jaribio la kuongeza. Jaribio la kuongeza ni hivi: chukua maji yaleyale ya mto, uyaongezee zebaki ya kiasi unachokijua, uangalie kama mwanga unashuka kama ulivyotegemea. Kama haushuki hivyo, maji yenyewe yanakudanganya, usiamini namba yako.

Tatu, kipimo hiki kinaona ioni za zebaki katika maji. Hakipimi mvuke unaopanda kwenye duka la mnunuzi. Wala huwezi kuchovya kipande cha samaki ukapata jibu, kwa maana zebaki ya samaki ni methili-zebaki iliyoshikwa ndani ya nyama; lazima nyama iyeyushwe kwanza kwa asidi na zebaki igeuzwe kuwa ioni.

Kwa hiyo chupa ikizimika haimaanishi lazima ni zebaki. Na chupa ikiendelea kuwaka haimaanishi kwamba samaki ni salama. Nasema hivi kwa sababu najua namna habari zinavyotembea kwetu. Mtu mmoja akipiga picha ya chupa iliyozimika, akaandika kwamba samaki wa Vitshumbi ao Nyakakoma wana sumu, kesho yake akina mama wanaouza samaki hapa Kiwanja wamekosa chakula cha watoto wao. Simaanishi kwamba samaki wale wana sumu. Namaanisha kwamba kipimo chepesi kina madhara pande zote mbili: kinaweza kutisha watu bure, na kinaweza kuwatuliza bure. Kazi yake halali ni kuchuja: kutuambia kati ya sampuli 50, ni 5 zipi za kupeleka kwanza kwenye mashine kubwa. Hiyo peke yake ni msaada mkubwa pale ambapo feza ya kupeleka zote 50 haipo.

Matumizi mengine kwa ufupi

Zebaki si mwisho. Kwa kuwa nanoklasta imevaa protini, kila kitu kinachogusa protini ao dhahabu kinaweza kuonekana.

Sianidi, inayotumika pia kwenye dhahabu, inaiyeyusha nanoklasta na kuzima mwanga. Kimeng'enya kinachokula protini kinaivua nguo, mwanga unabadilika, na hivyo kimeng'enya kinapimika. Sukari nayo inaweza kupimwa kwa njia ya kuzunguka: kimeng'enya kimoja kinaigeuza na kutoa peroksidi ya hidrojeni, na peroksidi ndiyo inayozima mwanga.

Katika tiba, udogo wake ni faida. Chembe kubwa za dhahabu zinakwama ini na wengu; nanoklasta ndogo zinaweza kupita kwenye figo na kutoka na mkojo. Mwaka 2019 timu ya watafiti wa London na Marekani ilitumia hilo kwa panya: nanoklasta ziliunganishwa na kitu kinachokatwa na vimeng'enya vya uvimbe wa saratani, zikiachiliwa zinatoka kwenye mkojo, na mkojo wa panya mgonjwa ukiwekewa dawa unageuka bluu kwa macho. Hapo hakikutumika mwanga bali uwezo wa dhahabu ndogo kuharakisha mmenyuko. Ni panya, si mtu bado. Lakini fikiria kituo cha afya cha kijijini kisicho na mashine, kinachosoma rangi ya mkojo tu.

Na si dhahabu peke yake. Fedha inafanya kazi hiyo, na shaba pia. Mwaka 2011 watafiti walitengeneza nanoklasta za shaba ndani ya albumini, zinazowaka bluu, na kuzitumia kupima risasi katika maji. Shaba ni rahisi zaidi, ingawa inapata kutu haraka. Nchi yenye shaba ya Katanga isingojee mwingine aifikirie.

Kazi yetu ni ipi?

Kila mwaka wanafunzi wetu wa kemia, biolojia na mazingira wanatafuta kichwa cha TFC ao cha mémoire. Wengi wanachukua kichwa kilichoandikwa mara ishirini na kubadilisha jina la kartye. Hapa kuna kazi isiyohitaji jengo jipya. Inahitaji miligramu 10 za dhahabu katika chumvi, ute wa yai, joto la digrii 37, saa 12, na taa. Umeme tunao: tangu mwisho wa 2015 maji ya mto Rutshuru yanazungusha mitambo ya Matebe. Mwanafunzi mmoja anaweza kuchunguza kama ute wa yai la kuku wa kwetu unatoa nanoklasta zinazokaa miezi bila kuharibika. Mwingine achunguze maji ya mto yanavyosumbua kipimo, msimu wa mvua na wa jua. Wa tatu atengeneze sanduku la simu. Wa nne, na huyu ni wa lazima, alinganishe majibu na ya mashine iliyothibitishwa, akishirikiana na labo ya chuo kikuu, Goma ao kwingine. Wanne wakimaliza, tutakuwa na kitu ambacho mkuu wa kituo cha afya anaweza kukisikiliza.

Na wakati kipimo kinaandaliwa, kuna maneno ambayo hayahitaji kipimo. Ndugu yako akirudi kutoka karé, mwambie asichome donge ndani ya nyumba, wala karibu na mama mjamzito ao mtoto. Mwambie kuna chombo kilichofungwa, chenye bomba, kinachokamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Anayekitumia anaokoa mapafu yake, na zebaki aliyoinunua haipotei hewani. Mwambie sufuria iliyochomewa zebaki isirudi kupika fufu.

Hayo unaweza kuyasema leo jioni. Yale ya chupa nyekundu tuyapange pamoja, kwa utaratibu, na namba zetu tuzihakikishe kabla hatujazitangaza.